Kilo Tano za Punje

Jumapili, 3 Machi

Furaha ikizidi lazima imwagike mahali, na nimeamua yangu imwagike humu badala ya kumchosha mume wangu, ambaye sasa hivi amelala kwenye kiti mdomo wazi, na hata hivyo ni mzuri.

Nina miezi kumi na wiki mbili na nusu ya ndoa. Mtoto wetu ana wiki sita. Alizaliwa miezi tisa na siku tano baada ya harusi. Wifi yangu alihesabu kwa vidole mbele ya wageni akasema, "Siku tano za heshima, hongereni." Tunamwita Punje kwa sababu alikuja mdogo, na mume wangu alipompokea alisema, "Hii ni punje tu, bibi harusi, shamba liko wapi?" Mimi namwita mume wangu Laazizi, na yeye mpaka leo ananiita bibi harusi. Wenye kutapika watapike.

Laazizi anachanganya rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mtu akija na kipande cha kigae kilichovunjika, yeye anakitazama, anapima matone, anatikisa kopo, na rangi inatoka ileile. Kabla Punje hajazaliwa alihangaika wiki mbili na bluu ya chumba chetu mpaka akaipata, akaiandika kwenye daftari la dukani kwa jina la Mke Wangu Namba Moja. Wifi aliposikia aliuliza namba mbili ni rangi gani.

Mvua zimeanza juzi na kila kitu kimeanza kunuka kama soksi. Jana walikuja majirani, na mmoja akambusu Punje kwa mdomo uliotoka kula vitunguu. Nilimfuta mtoto shavu kwa maji ya moto mara tatu. Kinyaa changu ni cha kuzaliwa. Mama yangu husema nilikuwa nikikataa kikombe alichonywea yeye mwenyewe. Mtu pekee duniani ambaye naweza kunywa maji kwenye kikombe chake bila kukigeuza ni Laazizi. Hapo ndipo nilipojua nitaolewa naye.

Nimempiga Punje picha arobaini wiki hii. Nimefuta alizotoka vibaya.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Punje ananyonya kwa madaha kama bibi mkubwa: anavuta kidogo, anapumzika, anavuta tena. Kichwa kinamtoka jasho. Laazizi anasema ni mfanyakazi kama baba yake.

Jumamosi, 9 Machi

Wifi alikuja na viatu vyenye matope mpaka katikati ya chumba. Yeye anafundisha chekechea na anadhani kila mtoto ni wa darasa lake. Alimchukua Punje kutoka mikononi mwangu, hakunawa, akamgeuzageuza.

"Wifi, huyu mtoto midomo yake mbona hivi?"

"Hivi vipi?"

"Kama aliyekula zambarau."

Laazizi akacheka. "Dada, huo ni ukuta. Rangi haikai ukutani peke yake, inaruka. Kuna mteja alipaka sebule kijani, akarudi dukani anasema mke wake anaumwa. Nikamwambia mke mzima, badilisha sebule."

"Na kucha? Kucha nazo zinaangalia ukuta?"

"Kucha zinang'aa. Ndizo zinapokea zaidi. Dada, mimi ndiyo kazi yangu hii."

"Haya, fundi," akasema Wifi, na akaendelea kumtazama mtoto.

Nilimpenda sana Laazizi wakati ule, alivyosimama na kidole kikionyesha ukuta kama mwalimu. Wifi nilimwonea kinyaa. Ana umri wa miaka thelathini na minne na hajaolewa, na watu wa namna hiyo wakiona nyumba yenye raha hutafuta pa kutoboa. Alipoondoka niliosha kiti alichokalia kwa sabuni.

Jumanne, 12 Machi

Kliniki. Kilo tatu na nusu.

Muuguzi alimvua Punje nguo, akasimama. Akamfunga kwenye mguu kibanio cha kupima oksijeni, chenye taa nyekundu, akatazama namba, akakitoa, akakifuta, akakifunga mguu wa pili. Sabini na nane kwa mia. Aliniuliza kama mtoto yuko hivi kila siku. Chumba kile kilikuwa cheupe, kuta nyeupe, dari nyeupe, meza nyeupe. Nami nikafungua kinywa nikasema, "Chumba chetu ni cha bluu, sista."

Alinitazama kama mtu aliyeuliza saa akajibiwa bei ya viatu.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika nikiwa wodini. Nitaandika yote, nisije nikajidanganya baadaye.

Walimpaka Punje kifuani kitu baridi kama kamasi, wakapitisha chombo juu yake, na kwenye kioo ukatokea moyo wake. Nilitegemea kitu kizuri. Miezi yote hii nimekuwa nikiandika neno moyo kwenye barua zangu kwa Laazizi, nikichora na mshale. Ule niliouona ulikuwa kitu cha kijivu kinachofumba na kufumbua kama mdomo wa samaki aliyetolewa majini. Niligeuza uso. Mama gani anageuza uso.

Daktari wa moyo ni mama mtu mzima mwenye wino kwenye kucha. Alituchorea nyuma ya fomu. Mchoro wake ulifanana na kiazi.

"Moyo una vyumba vinne. Huyu wenu ana tundu hapa, kwenye ukuta wa vyumba viwili vya chini. Na hii njia ya kupeleka damu kwenye mapafu imebana. Kwa hiyo damu ambayo haijapata oksijeni inapita kwenye tundu na kuzunguka mwilini. Ndiyo mnaona bluu."

Aliposema ukuta nilitaka kutapika juu ya meza yake.

"Tundu la ukubwa gani?" akauliza Laazizi.

"Milimita nane."

Akapima kwa vidole hewani, kama anavyofanya mteja akitaja msumari. "Linazibika?"

"Tunashona kiraka. Na ile njia tunaipanua. Lakini nataka afike kilo tano kwanza. Akizidiwa kabla ya hapo tutafanya hivyohivyo, ila nataka kilo tano."

Nikamwambia kwamba nilinusa rangi nikiwa mjamzito, kwamba chumba kilipakwa nikiwa ndani.

"Mama, huu moyo ulikuwa umeshajiunda kabla hujavua viatu vya harusi. Sina cha kukulaumu." Akageukia mtoto. "Sasa nisikilizeni. Huyu asilie. Akilia sana, au akijikamua, ile njia inajibana zaidi na atageuka rangi ghafla. Mkiona hivyo, mkunjeni, magoti kifuani, mshikeni hivyo bila kumpigia kelele, mje." Alimkunja Punje kama nguo inayoingia sandukuni. Kisha akanikunjisha mimi, kisha Laazizi. Mikono ya Laazizi ilikuwa na rangi ya krimu ya mteja fulani.

Choo cha wodi hii sitaki hata kukiandika.

Jumapili, 17 Machi

Tumeruhusiwa. Laazizi alikuja kutuchukua akiwa anatabasamu kwa aibu, na njiani alisema nyumbani kuna jambo dogo.

Ameupaka ukuta mweupe. Chumba chote, siku mbili, mkono wa rangi juu ya mkono, peke yake. Mvua imejaa hewani na rangi haijakauka, ukigusa inakufuata kidoleni. Amechagua ile ya maji isiyonuka sana. Isiyonuka sana bado inanuka. Nilisimama mlangoni na mtoto mwenye mapafu ya kubembelezwa na nikatazama uso wa mume wangu uliotaka kusifiwa.

"Nilitaka ukirudi usiione ile bluu," akasema.

"Na pumzi tutavutia wapi?"

Akanichukulia mfuko na tukaenda kwa mama yake, mvua ikitunyeshea wote watatu. Zamani, yaani wiki iliyopita, ningeandika kwamba mvua ilitubusu.

Jumanne, 19 Machi

Kilo tatu na gramu mia sita.

Jumatatu, 25 Machi

Kwa mama mkwe. Chumba kimoja, godoro lenye bonde katikati, dirisha linalotazama jalala la jirani ambalo mvua imelifanya supu. Na kuhusu supu: mama mkwe ananipikia kila siku moja yenye mafuta yanayoelea juu kama macho, ili maziwa yajae. Anasimama juu yangu mpaka nimalize. Ni mwema. Wema wake unanikaa kooni.

Kwa kuwa Punje asilie, nyumba nzima imegeuka watu wa vichekesho. Akikunja uso tu, mama mkwe anachukua mwiko na kucheza, kiuno na umri wake. Laazizi analia kama farasi. Baba mkwe, ambaye hajawahi kuongea nami zaidi ya salamu, anajifunika taulo kichwani na kujifunua. Mimi ninakamua maziwa kwenye kikombe kama ng'ombe, nampa kwa kijiko ili asichoke kunyonya, anatema nusu, inamwingia shingoni na kuchacha kwenye mikunjo. Ninanuka. Godoro linanuka. Nikimbusu mume wangu nasikia thina ya kuyeyushia rangi.

Jioni alikuja shangazi yao na kuuliza, huku akitafuna, "Haya mambo ya moyo yametoka upande gani? Maana kwetu hayapo."

"Kwetu ilikuwepo miguu mibaya tu," akasema mama mkwe.

"Basi ndiyo nauliza."

Nilinyanyuka nikaenda kumbadilisha Punje, na nepi ile chafu nikaiacha mezani karibu na sahani yake. Nilisema nimesahau.

Jumanne, 26 Machi

Kilo tatu na gramu mia sita. Hajaongeza hata gramu. Nimekunywa supu bakuli tatu nikatapika moja.

Jumanne, 2 Aprili

Kilo tatu na mia nane. Mama mkwe alicheza mwiko bila mtoto kulia.

Ijumaa, 5 Aprili

Wifi anakuja kila siku baada ya shule. Ananawa mpaka kwenye kiwiko kabla ya kumshika. Hajasema hata mara moja kwamba alisema. Hilo ndilo linaloniudhi. Mtu akikusema unapata pa kumchukia.

Leo alimwimbia Punje wimbo wa kuvuka barabara mara kumi na nne. Mtoto hawezi hata kukaa, lakini anajua kutazama kulia na kushoto.

Jumanne, 9 Aprili

Kilo nne. Mvua.

Jumapili, 14 Aprili

Leo ni mwaka mmoja wa ndoa.

Laazizi alileta keki yenye maua ya sukari. Shangazi akala maua yote. Mchana watu walipolala aliniita kwenye ngazi ya nyuma, mahali ambapo paa linavuja upande mmoja tu. Nilifikiri ana zawadi. Nilijitengeneza nywele kwa mkono, mimi mjinga.

"Bibi harusi, nina neno."

"Sema."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Midomo. Mtoto alikuwa na wiki tatu. Nilikuja na kile kitabu cha vipande vya rangi kutoka dukani. Ulikuwa unaoga. Nikamtoa uani, kwenye mwanga, nikakiweka karibu na mdomo wake. Hapakuwa na ukuta pale."

"Ukaona?"

"Nikaipata. Ipo. Namba kumi na nne."

"Halafu?"

"Nikafunga kitabu."

Maji yalidondoka kutoka kwenye paa, tone moja moja, na niliyahesabu kwa sababu sikutaka kumtazama.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unaimba bafuni," akasema.

Nilidhani nitapiga kelele, kumbe nilitabasamu, tabasamu baya, nililisikia likinivuta ngozi. "Ukamwacha dada yako aonekane mchawi."

"Ndiyo."

"Nikaosha kiti kwa sabuni."

"Nilikuona."

Zaidi ya mwezi mzima. Mwezi mzima amekuwa akimtazama mtoto, yeye anayetofautisha rangi nyeupe ishirini zisizo na majina, halafu ananiambia ni ukuta, na kidole juu. Na mimi nikampenda zaidi. Nikikumbuka jinsi nilivyompenda siku ile nahisi kama mtu aliyekunywa nusu glasi ndipo akaona nzi.

Nimemwambia asinishike. Usiku wa leo atalala sebuleni na farasi wake. Maji nimekunywa kwenye kikombe cha baba mkwe, nimekigeuza.

Jumanne, 16 Aprili

Kilo nne na mia mbili. Nimempa Laazizi habari kwa kumwonyesha karatasi.

Alhamisi, 18 Aprili

Nilitaka kuandika leo orodha ya uongo wake wote. Ili nisikosee tarehe nikafungua picha kwenye simu.

Kwanza niliona kwamba zimebaki chache mno. Tangu azaliwe nimempiga mamia, na zimebaki hamsini na tatu. Kisha nikaona kwamba katika zote hamsini na tatu yupo juani, au amefunikwa blanketi jekundu mpaka kidevuni, au amelala amegeuka, au nimembana shavu kwenye shavu langu. Hakuna hata moja ya kivulini. Hakuna hata moja ambayo kinywa kinaonekana vizuri.

Nimekaa kitandani nikijaribu kukumbuka nilizofuta zilikuwa na kasoro gani. Nilikuwa najiambia ametoka vibaya. Zilikuwa wazi, hakutikisika, macho yalikuwa mazuri. Nilizifuta moja moja kwa kidole hiki ninachoandikia. Nani alikuwa akiniambia ipi ni mbaya? Nilikuwa nikiiona bluu na kuitupa, kila siku, nikiimba.

Yeye alifunga kitabu mara moja. Mimi nimefunga mara mia mbili.

Nimekwenda kunawa mikono. Imebaki ileile.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimemwambia. Nilimwambia akiwa anasuuza nepi kwenye karai, maana nilitaka awe na kitu cha kushika. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ngapi?" akauliza.

"Sikuhesabu. Mia mbili."

Akaendelea kusuuza. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha kuumwa. "Wazazi gani hawa," akasema. "Mmoja ana kitabu, mmoja ana simu, na aliyeona ni mwalimu wa chekechea."

Nami nikacheka, na kicheko kile kilinitia kinyaa nacho, lakini tulicheka mpaka mama mkwe akatokea na mwiko akidhani ni mtoto.

Wifi alipokuja nilimwambia, "Wifi, nisamehe." Akasema, "La nini? La kiti?" Kumbe Laazizi ana mdomo kama kopo lisilo na kifuniko. Akaongeza, "Kiti chenyewe kilikuwa kichafu, wifi. Ulifanya vizuri."

Jumanne, 23 Aprili

Kilo nne na gramu mia nne.

Jumanne, 30 Aprili

Kilo nne na nusu na kidogo. Daktari amesema labda mwisho wa Mei. Mvua hazijapumzika.

Alhamisi, 2 Mei

Nataka kuandika leo, kabla sijalala.

Laazizi alikuwa amekuja kula mchana. Mama mkwe alikuwa dukani. Nilimwogesha Punje, nikamfuta, na akaanza kujikamua kutaka choo. Hakikutoka. Akalia. Nilianza kucheza, Laazizi akaanza farasi, na mtoto akalia kumzidi farasi, kisha kilio kikakatika katikati, kinywa kikabaki wazi bila sauti, na kutoka kidevuni rangi ikaanza kupanda.

Nilimkunja. Magoti kifuani, nikamlaza begani kwangu, nikamshikilia. Na hapo nikagundua kitu ambacho daktari hakutuonyesha, kwamba ukimkunja begani uso wake uko mgongoni kwako. Simwoni. Namsikia tu anavyohema haraka haraka kama mbwa, jasho lake baridi shingoni mwangu, na choo kikaamua kutoka sasa, cha maji, kikanishukia tumboni mpaka mguuni.

Laazizi alikuwa amesimama nyuma yangu, uso wa mtoto uko mbele yake.

"Niambie rangi," nikasema.

"Ni..."

"Usinidanganye. Ukinidanganya leo sitarudi kwako maisha yangu yote."

Alisogea karibu na bega langu.

"Kumi na sita," akasema.

Kitabu hakikuwa mkononi mwake. Hakukihitaji.

"Sasa?"

"Kumi na saba."

"Tunatoka. Endelea."

Alitafuta teksi kwa mkono mmoja, na mkono mwingine alinifunika mwavuli, na hakuondoa macho kwa mtoto. Dereva aliponusa alifungua madirisha yote, mvua ikaingia. Laazizi alikaa amepinda kiuno ili amwone, na akaendelea, kwa sauti ileile anayotumia kumhesabia mteja matone. "Kumi na saba. Kumi na saba bado. Kumi na nane."

"Kumi na nane ni ipi?"

"Karibu na nyeusi."

Dereva akauliza, "Mnahesabu nini?" Akamwona mtoto kwenye kioo. Akakanyaga mafuta.

Kwenye daraja akasema, "Kumi na saba." Kwenye taa za barabarani akasema kumi na saba tena, nami nikamchukia kwa kutosema kumi na sita, na nikamwamini. Sijawahi kumwamini hivyo hata siku ya harusi, alipoapa mambo makubwa zaidi. Mlangoni mwa hospitali akasema, "Kumi na sita," na sauti ikamkatika, na muuguzi akamchukua mtoto akamwekea oksijeni.

Daktari amesema hatusubiri kilo tano. Punje ana kilo nne na mia sita. Atabaki hapa mpaka siku yenyewe, tarehe 14.

Nilioga kwenye kile choo ambacho sikutaka kukiandika. Laazizi alinishikia taulo na akanifuta mgongo. Nilimwacha.

Jumatatu, 6 Mei

Kilo nne na mia saba. Wanamlisha kwa mpira wa puani. Nimejifunza kuuosha. Una utando ndani kama wa konokono.

Jumanne, 14 Mei

Walimchukua saa mbili asubuhi. Karatasi tulitia saini wote wawili. Kwenye moja kuna mstari unaosema anaweza asirudi, umeandikwa kwa herufi ndogo kuliko zile zinazokataza simu. Daktari alikuja na wino wake kwenye kucha. Nilimwomba anawe. Akasema, "Nitanawa dakika kumi, mama, kwa brashi," na hakukasirika.

Kwenye benchi la kusubiri tulikaa mimi, Laazizi, Wifi na mama mkwe. Benchi hilo lina gamu ya kutafuna ya watu wengi kwa chini, nimeigusa yote. Mama mkwe alikuja na supu. Wifi alimwuliza mama yake kama anataka tufe wote kwa mafuta.

Saa tano hakuna neno. Saa saba hakuna neno. Laazizi alisema, "Nikwambie kitu cha kweli?" Nikasema sema. "Naogopa mpaka nataka kukimbia. Nimeshaangalia mlango." Nikamwambia na mimi nimeuangalia, unafungukia nje.

Saa tisa na dakika kumi daktari akatoka. Kiraka kimekaa. Moyo, waliokuwa wameusimamisha ili waushone, umeanza wenyewe walipouachia.

Mama mkwe aliketi sakafuni palepale, kwenye uchafu, na nikaketi naye.

Jumatano, 15 Mei

Nimemwona. Mipira sita. Chupa chini ya kitanda inapokea maji mekundu yenye povu. Kifua kimevimba na katikati yake kuna mshono mrefu kama zipu iliyoshonwa na mlevi. Nilitazama kila kitu kuanzia juu mpaka chini, sikugeuza uso. Nilitoka nje nikatapika kwenye ndoo ya mfagizi.

"Ndiyo maana naiacha hapo," akasema mfagizi.

Ijumaa, 17 Mei

Wametoa mpira wa kupumulia. Leo mvua haikunyesha. Sikuona mpaka jioni.

Jumatatu, 20 Mei

Wametuhamishia wodi ya kawaida. Punje amekuwa na njaa tangu asubuhi, na muuguzi alisema hapati maziwa mpaka saa kumi, kwa sababu ya kipimo. Saa nane na nusu akakunja uso.

Laazizi akaanza farasi. Mama mkwe, ambaye hawakumruhusu kuingia, akaanza kucheza nyuma ya kioo na mkoba wake, na watu wa vitanda vingine wakageuka kutazama. Haikusaidia. Punje akafungua kinywa akalia, mara ya kwanza kwa sauti, maana siku zote hizi alikuwa amekwaruzwa koo na ule mpira wa kupumulia. Mikono yangu ikaenda kwenye magoti yake. Ya Laazizi ilikuwa imeshafika.

"Acheni miguu ya mtoto," akasema muuguzi kutoka meza yake.

"Analia, sista."

"Nasikia. Aachwe alie. Mapafu yafunguke."

"Alie mpaka lini?"

"Mpaka achoke, mama. Ni mtoto."

Tukaondoa mikono. Hatukujua pa kuiweka. Laazizi alitia yake mifukoni, mimi yangu niliikunja. Punje akalia. Alilia kwa tumbo, kwa miguu, kwa masikio, machozi yakamwingia masikioni na kamasi mdomoni, akalipua choo ambacho kilitoka pembeni ya nepi na kupata mkono wa shati la baba yake. Sijaona kitu kichafu namna ile maishani. Hakuna aliyemfuta. Tulisimama tu kila mmoja upande wake wa kitanda, kama watu walioitwa kusikiliza hotuba.

"Bado nakuchukia kidogo," nikamwambia Laazizi. Ilibidi nipandishe sauti.

"Najua."

"Usisahau."

"Kidogo kiasi gani?"

Nikamwambia asinichekeshe, muuguzi atatufukuza.

Punje alilia dakika ishirini na mbili. Kisha akanyamaza, akavuta pumzi ndefu, akatutazama mmoja mmoja kama watu aliowakuta nyumbani kwake, na akaanza tena.